Kubadili Mandhari ya Tovuti ya Picha kwa Usalama

Mwenye nyumba ya wageni Ziwani, mpiga picha za harusi Mikindani au kikundi cha uhifadhi Msimbati anaweza leo kuonyesha picha zake duniani kote kupitia tovuti ya matunzio ya picha. Programu kama WordPress na Piwigo hupatikana bila malipo, na kila moja huja na mandhari, yaani faili zinazoamua rangi, maandishi na mpangilio wa picha katika tovuti. Ni haki ya mtumiaji kuyabadili mandhari hayo apendavyo. Tunachosisitiza ni namna ya kuyabadili.

Usiguse faili za asili

Mtumiaji anapohariri faili za asili za mandhari, mabadiliko yake hufutika pindi toleo jipya linapowekwa. Wengine, kwa kuogopa hasara hiyo, huacha kabisa kusasisha. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu masasisho mengi huziba mianya ya usalama ambayo wahalifu wa mtandao huwa wamekwisha kuijua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia salama ni kutumia mandhari tanzu: folda ya pembeni inayobeba mabadiliko yako pekee na kurithi mengine yote kutoka mandhari mama. Katika WordPress, folda hiyo huhitaji faili iitwayo style.css, ambamo mstari wa «Template» hutaja jina la folda ya mandhari mama. Katika Piwigo, kiendelezi cha LocalFiles Editor hukuwezesha kuandika kanuni zako za rangi na maandishi mbali na faili za mandhari. Kwa njia hizi, mandhari mama husasishwa na kazi yako hubaki.

Kabla ya kuanza

Tunakushauri utoe nakala rudufu ya vitu viwili: faili, ambamo picha zimo, na hifadhidata, ambamo majina ya albamu na maelezo ya picha yamo. Kimoja bila kingine hakitoshi kuirejesha tovuti. Hifadhi nakala hiyo nje ya seva, kisha ujaribishe mabadiliko kwenye nakala ya tovuti kabla ya kuyaweka hadharani.

Pakua mandhari kutoka hazina rasmi ya programu au kwa mtengenezaji mwenyewe. Mandhari ya kulipia yanayogawiwa bure kwa njia za pembeni huweza kuficha msimbo wa kuiba nywila au kuwapeleka wageni wako kwenye tovuti za kitapeli. Ukimwajiri fundi, mfungulie akaunti yake na uifute kazi ikiisha. Hakikisha pia kwamba jina la kikoa limesajiliwa kwa jina lako, si lake.

Picha husema zaidi ya zinavyoonekana

Baadhi ya mandhari huonyesha, kando ya picha, ramani ya mahali ilipopigwa, kwa kusoma taarifa ambazo simu huzihifadhi ndani ya picha. Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, picha ya kiota cha kasa yenye ramani huweza kumwongoza mwizi wa mayai. Picha ya mtoto nyumbani kwao huweza kuonyesha nyumba hiyo ilipo. Zima kipengele hicho, na ufute taarifa za mahali kabla ya kupakia picha, kwani kuificha ramani peke yake hakuziondoi ndani ya faili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi; omba ridhaa yake kabla ya kuichapisha, na kwa mtoto, omba ya mzazi au mlezi.

Ukikamilisha mabadiliko, ifungue tovuti kwa simu ya kawaida. Picha zikichelewa kufunguka, punguza ukubwa wake, maana mgeni wako naye hulipia kifurushi.