Utangulizi: Kuidhibiti Sindano ya Hadubini

Kuna fani ya hadubini zisizo na lenzi. Hadubini hizi hupapasa, kama kidole gizani. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, walisogeza sindano ya chuma hadi ikaribie kuugusa uso wa kitu, wakapima umeme unaovuka upenyo uliobaki. Sindano ikirudi nyuma sehemu moja tu ya kumi ya nanomita, umeme huo hushuka hadi takribani sehemu yake ya kumi.

Usikivu mkali namna hiyo hautumiki bila kidhibiti: kitu kinachosoma umeme, kikaulinganisha na kiwango kilichowekwa, kikaisogeza sindano papo hapo. Picha ya atomu unayoionea fahari ni kumbukumbu ya masahihisho hayo. Kidhibiti kibovu huchora vilima ambavyo havipo.

Mwaka 1986 Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza hadubini inayopima nguvu badala ya umeme. Baadaye kiwenzo chake, yaani kijiti chembamba kinachobeba sindano, kilitetemeshwa ndani ya ombwe, na hapo ikazuka taabu: kiwenzo kizuri hakitulii upesi. Chenye kutetemeka mara 30,000 kwa sekunde chaweza kuhitaji theluthi ya sekunde kuonyesha badiliko la ukubwa wa mtetemo. Picha ya nukta 256 kwa 256 ingechukua karibu saa sita! Mwaka 1991 Albrecht na wenzake walionyesha njia: fuata idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwani hiyo hubadilika mara moja. Franz Giessibl naye akatumia uma wa kwazi wa saa za mkononi, ule wa mitetemo 32,768 kwa sekunde.

Je, kidhibiti cha kufanya haya yote kiwe nini? Kompyuta ya kawaida ina kasi, lakini ina shughuli nyingine, na jibu moja likichelewa sindano yaweza kugonga. Katika chipu ya FPGA mhandisi hupanga milango ya mantiki yenyewe. Kufuata mtetemo, kutunza ukubwa wake na kushika umbali huenda sambamba, kila hatua kwa muda unaojulikana. Kwangu hiki ndicho kiini cha fani: ucheleweshaji unaojulikana huingizwa kwenye hesabu, usiotabirika haufidiki.

Usingoje kupata hadubini. Chomoa uma wa kwazi kwenye saa mbovu, uunganishe na chipu ya kujifunzia, ujaribu kuufuata mtetemo wake.