Mita Elfu Moja Zinagharimu Kiasi Gani? Pesa Zinakokwenda Katika Bunduki za Shabaha

Mtu akikuambia ana bunduki inayopiga shabaha ya mita 1,000, usimuulize jina la kiwanda. Muulize risasi moja anainunua kwa bei gani, na mtutu wake umeshapigwa mara ngapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoonyesha pesa za biashara hii zinakokwenda. Wanunuzi wengi wapya huyafikia baada ya kumaliza akiba yao kwenye jina lililochongwa ubavuni mwa bunduki.

Huku Rusizi habari hii inasikika kama ya ugenini. Kwenye maduka ya Kamembe utapata simenti, vitenge, simu na sambaza wakavu, lakini bunduki ya michezo hutaiona. Silaha Rwanda ni jambo la kibali, na watu wa Cyangugu ya zamani hawahitaji kuelezwa kwa nini. Tangu 1994 hadi Februari 2025, vita vilipofika Bukavu ng'ambo ya Mto Rusizi, mlio wa bunduki kwetu haujapata kuwa mchezo. Hata hivyo mchezo upo duniani, una viwanda vyake, mafundi wake na wateja wake, na wapo ndugu zetu waliohamia Kanada, Finland na Ubelgiji ambako klabu za shabaha ziko wazi kwa raia. Anayeingia dukani huko kwa mara ya kwanza anastahili kujua anachonunua.

Usahihi wa bunduki umekuwa bidhaa tangu karne ya 19. Mwaka 1860, wakati Chama cha Bunduki cha Uingereza kilipofungua mashindano yake ya kwanza Wimbledon, Malkia Victoria alipiga risasi ya ufunguzi kwa bunduki ya Joseph Whitworth iliyofungwa imara kwenye kigogo maalumu. Whitworth alikuwa fundi wa mashine na vipimo, na alichouza hasa ni tundu la mtutu lililokatwa kwa uangalifu ambao washindani wake hawakuufikia. Mwaka 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York, Wamarekani waliwashinda Waairishi kwa pointi 934 dhidi ya 931. Miongoni mwa Waairishi alikuwamo John Rigby, ambaye jina la kampuni yake lilikuja kujulikana sana Afrika Mashariki kupitia bunduki za kuwindia wanyama wakubwa.

Leo wauzaji hupima usahihi kwa dakika ya pembe, yaani sehemu moja kati ya 60 za nyuzi moja. Kwenye mita 100, dakika moja ni upana wa milimita 29. Kwenye mita 1,000, ni sentimita 29. Viwanda vingi huahidi kwamba bunduki yao itaweka risasi 3 ndani ya dakika moja, na ahadi hiyo kwa kawaida hutimia. Tatizo ni kwamba risasi 3 ni chache mno. Bunduki mbovu kiasi inaweza kubahatisha tatu zikagusana, kisha ya nne ikaenda kwake. Omba kuona karatasi yenye matundu 10, au 20 kama muuzaji ana subira, zote zilizopigwa kwenye alama moja. Katika shindano la masafa marefu linaloitwa F, lililoanzishwa na Mkanada George Farquharson, duara la ndani kabisa lina upana wa nusu dakika, sawa na sentimita 13 hivi kwenye yadi 1,000. Karatasi ya risasi 3 haikuambii chochote kuhusu duara hilo.

Usahihi wenyewe unatoka hasa kwenye mtutu, na hapa ningemshauri mnunuzi akae muda mrefu zaidi. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi ili isiyumbe hewani, na kuna njia tatu kuu za kuitengeneza. Ya kwanza ni kukata: kisu kidogo hupita ndani ya chuma mara nyingi sana, kila mara kikitoa unyuzi mwembamba usioonekana vizuri kwa macho. Ni kazi ya polepole, na ndiyo inayofanywa na kampuni kama Krieger ya Marekani. Ya pili ni kusukuma au kuvuta kitufe kigumu cha chuma ambacho huiacha alama ya mifereji kwa mpigo mmoja. Lothar Walther wa Ujerumani wamejijengea jina kwa njia hii. Ya tatu ni kuugonga mtutu kwa nyundo za mashine kutoka nje mpaka chuma kiubane mfano wa mifereji uliowekwa ndani. Njia hii inafaa kiwanda kinachotoa bunduki nyingi, na Sako wa Finland, ambao pia hutengeneza Tikka, wameonyesha kwamba nayo inaweza kutoa mtutu mzuri sana kwa bei ya kati.

Mtutu mtupu wa daraja la mashindano, kabla fundi hajauchonga chemba, huuzwa Marekani kwa takriban dola 350 hadi 450. Kwa hiyo kitu kinachobeba sehemu kubwa ya usahihi hakichukui sehemu kubwa ya bei. Kinachobaki ni kazi ya fundi, kitako, kifyatulio na jina. Kifyatulio chepesi kinachoachia bila kukwaruza kina faida ya kweli. Savage wa Marekani waliliona hilo mapema miaka ya 2000, wakaanza kuuza bunduki za bei nafuu zenye kifyatulio ambacho mnunuzi anaweza kukirekebisha mwenyewe, na wenzao wakalazimika kuwafuata. Bunduki za Savage zina faida nyingine inayosahaulika: mtutu wake umeshikwa kwa nati, hivyo kuubadilisha hakuhitaji karakana kubwa.

Viwanda vyenyewe vimepitia misukosuko. Remington walitoa modeli ya 700 mwaka 1962, na umbo lake likawa kiwango ambacho mafundi wengine wanakiiga hadi leo. Vitako, vifyatulio na mitutu ya makampuni mengi vimepimwa kuingia kwenye umbo hilo. Lakini Remington yenyewe iliomba hifadhi ya mufilisi mwaka 2018, ikarudi tena mahakamani mwaka 2020 na kuuzwa vipande vipande. Mnunuzi anayetaka vipuri baada ya miaka 15 afikirie umbo linaloigwa na wengi kuliko uimara wa kampuni moja. Mwaka 2015 Ruger nao waliingiza sokoni bunduki ya masafa marefu iliyo tayari kwa mashindano kwa bei rasmi ya dola 1,399. Kabla ya hapo, kitu cha namna hiyo kilikuwa kinaagizwa kwa fundi kwa pesa nyingi zaidi na kusubiriwa kwa miezi.

Sasa risasi. Kwa miaka mingi, chaguo la kawaida lilikuwa .308 Winchester, iliyotoka 1952. Mwaka 2007 Hornady walileta 6.5 Creedmoor, wakaipa jina la ule uwanja wa 1874. Risasi yake ni nyembamba na ndefu, inapenya hewa vizuri, na haisukumwi sana na upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisogeza .308 zaidi ya mita 2 ifikapo yadi 1,000. Ile ya 6.5 husogea pungufu, na katika mashindano upungufu huo unaamua nani anapanda jukwaani.

Lakini kuna hesabu ambayo muuzaji haiandiki kwenye karatasi ya bei. Mtutu wa 6.5 Creedmoor hubaki na usahihi wa mashindano kwa risasi 2,000 hadi 3,000 hivi. Wa .308 huweza kupita 5,000. Risasi nzuri ya shabaha huuzwa takriban dola 2 kila moja. Chukua katikati: risasi 2,500 kwa dola 2 ni dola 5,000. Bunduki ya dola 1,500 itakuwa imekula risasi za zaidi ya mara tatu ya bei yake kabla mtutu haujachoka, na kisha itadai mtutu mwingine. Aliyenunua bunduki ya dola 4,000 akabaki na uwezo wa kupiga risasi 200 kwa mwaka atashindwa na jirani mwenye Tikka ya kawaida anayepiga kila Jumamosi. Nimeifanya hesabu hii kwa bei mbalimbali, na kila mara jibu linaelekea upande uleule.

Darubini inafuata. Walenga shabaha wengi hutumia juu yake pesa sawa na za bunduki, na sioni kosa, kwa sababu darubini nzuri huhamia bunduki nyingine mtutu unapokufa. Kwa mtu aliyezoea mita, kama sisi, vipimo vya miliradiani ni rahisi zaidi: hatua moja ya moja ya kumi husogeza alama sentimita 1 kwenye mita 100, na sentimita 10 kwenye mita 1,000. Angalia kwamba vifundo vya kugeuzia vinarudi palepale vilipoanzia. Ukivizungusha juu na kuvirudisha mara kadhaa, risasi lazima igonge tundu lile la kwanza. Kioo king'avu chenye vifundo vinavyodanganya ni hasara tupu.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Rusizi wangelielewa haraka kuliko watu wa pwani. Mto Rusizi unapotoka Rwanda chini ya Bugarama uko kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460. Kilele cha Bigugu ndani ya Nyungwe kiko mita 2,950. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya baharini, na Bigugu upungufu huo unafika robo. Hewa nyepesi huizuia risasi kidogo. Bunduki ya .308 iliyopangwa Mombasa kwa shabaha ya mita 900, ukiipandisha hadi kando ya Kivu bila kugusa darubini, risasi zake zitapita juu ya alama kwa takriban mita moja. Muuzaji anayekupa jedwali la kushuka kwa risasi bila kukuuliza utapigia wapi amekupa karatasi isiyo na kazi.

Soko la ukanda wetu ni dogo, na lina mipaka yake. Kenya imewahi kutuma timu Bisley, makao ya mchezo huu Uingereza tangu 1890, lakini michezo ya silaha iliyokua zaidi Nairobi miaka ya karibuni ni ya bastola, kama inayochezwa uwanja wa Kirigiti huko Kiambu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na soko la bunduki ndefu za raia likapungua nao. Tanzania bado ina uwindaji wa kitalii, ila bunduki za mbogo na tembo ni nzito na za masafa mafupi. Viwanda vya risasi tunavyo, cha Eldoret nchini Kenya, Mzinga mjini Morogoro na Luwero kule Nakasongola, Uganda, lakini kazi yao kubwa ni kuhudumia majeshi, na risasi ya jeshi haitengenezwi kwa viwango vya mashindano. Kwa hiyo risasi nzuri huagizwa nje. Ongeza Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Rwanda imo na inazibana nchi zetu katika udhibiti wa silaha ndogo, na utaelewa kwa nini hata mtutu mtupu hauvuki mpaka bila karatasi. Sioni ubaya wake. Katika eneo la Maziwa Makuu, udhibiti huo umekuja baada ya gharama kubwa mno ya damu.

Hata katika mashindano makubwa mlango umepungua. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, lakini michezo ya jumuiya hiyo ya 2022 kule Birmingham haikuwa na shabaha kabisa. Olimpiki, kwa upande wake, iliacha masafa ya mita 300 baada ya 1972, na sasa bunduki ndefu hushindana kwa mita 50 na mita 10.

Ndiyo maana kwa kijana wa Rusizi au popote Rwanda anayeupenda mchezo huu, hukumu yangu ni bunduki ya upepo ya mita 10. Duara lake la pointi 10 lina upana wa nusu milimita. Haihitaji baruti, inachezwa ndani ya ukumbi, na inafundisha pumzi na kidole kuliko bunduki yoyote ya dola 4,000. Wanaosimamia michezo nchini wangeanza na ukumbi mmoja wa namna hiyo, chini ya uangalizi wa polisi, wangekuwa wamefungua njia ya Olimpiki kwa gharama ndogo. Na wewe msomaji, kabla hujaagiza hata hiyo ya upepo kupitia kwa ndugu aliyeko nje, pita polisi kwanza uulize kibali. Mzigo ukishazuiwa forodhani, hakuna fundi wala muuzaji atakayekusaidia.