Mlango wa gari unaokataa kufunga: chanzo chake na jinsi ya kukitambua

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Burundi kutoka Japani hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam nchini Tanzania, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara hadi mpaka wa Kabanga na Kobero. Mnunuzi anapolipokea gari lake husikiliza injini, hutazama magurudumu na kusoma idadi ya kilomita lilizokwisha kutembea. Mlango huufungua mara moja, akaufunga, akaridhika. Baada ya wiki kadhaa ndipo anapogundua kwamba mlango mmoja haufungi mpaka ubamizwe, na kwamba kila abiria anayeshuka huitwa arudi aubamize tena.

Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa gereji zake na kwa Kiswahili chake, wamelizoea tatizo hili. Wenye magari wengi, kwa upande wao, huliona kuwa kero tu, wakaendelea kubamiza. Ili kuelewa kwa nini jambo hili linastahili kushughulikiwa mapema, yafaa kwanza kutazama jinsi kitasa chenyewe kinavyofanya kazi.

Katika ukingo wa mlango mna ulimi wa chuma unaozunguka, wenye pengo mfano wa mdomo wa spana. Mkabala na ulimi huo, juu ya nguzo ya gari, kimefungwa kwa skrubu mbili kipande cha chuma kilichopindwa kama pete. Watu wa pwani huiita pete ya namna hiyo kwenye mlango wa nyumba tumbuu, na jina hilo latufaa hapa. Mlango unaposukumwa, tumbuu huingia katika pengo, ulimi huzunguka na kuikumbatia, kisha kijino chenye springi huuzuia ulimi usirudi nyuma. Kijino hicho hushika mara mbili. Mlio wa kwanza ni wa kufunga nusu. Wa pili ndio wa kufunga kamili.

Hatua ya nusu iliwekwa kwa makusudi, iwe akiba ya kuuzuia mlango usifunguke wote endapo haukusukumwa vya kutosha. Haikuwekwa ili watu wasafiri nayo. Kanuni ya kwanza kabisa ya kiufundi ya dunia kuhusu magari, iliyopitishwa chini ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva mwaka 2004, ilihusu vitasa na bawaba za milango. Kitasa kilichofunga kamili hutakiwa kuhimili nyutoni 11,000 katika jaribio lake la kwanza, yaani mvuto unaolingana na uzito wa kilo 1,100 hivi. Kilichoshika nusu hutakiwa kuhimili nyutoni 4,500 tu. Kwa hiyo abiria aliyeegemea mlango uliofunga nusu amepewa ulinzi usiofika hata nusu ya ule aliostahili, na gari likigongwa au kupinduka, mtu anayetupwa nje huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko anayebaki ndani.

Taa ndogo ya mlango kwenye dashibodi nayo si shahidi wa kutegemewa. Katika magari mengi ya zamani swichi yake imo kwenye nguzo, na huweza kubonyezwa hata na mlango uliofunga nusu. Taa huzimika, dereva akaondoka akiwa na amani isiyo na msingi. Njia iliyo bora ni kutazama kutoka nje kama uso wa mlango umelingana na bodi inayouzunguka.

Uchunguzi uanze na jambo jepesi kuliko yote, nalo ni hewa. Shusha kioo kimoja, kisha ufunge mlango ule ule kwa nguvu ya kawaida. Ukifunga vizuri, kitasa hakina kosa. Mlango wa mwisho kufungwa huisukuma hewa iliyomo ndani, na hewa hiyo hutakiwa kutokea katika vitundu vyenye vifuniko laini ambavyo kwa kawaida hufichwa nyuma ya gari, karibu na bampa. Gari likiwa limewahi kunyooshwa bodi na kupakwa rangi upya, vitundu hivyo huweza kuwa vimezibwa bila mtu kukusudia. Kuvizibua ni kazi ndogo.

Ikiwa kioo hakikuleta tofauti, utazame mpira unaozunguka fremu ya mlango. Mpira mpya ni mnene na huusukuma mlango nje. Baada ya majuma machache hulegea wenyewe. Mpira wa zamani huchomoka mahali pake, ukajikunja na kubanwa. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na mlango, ufunge, kisha ukivute polepole. Fanya hivyo sehemu mbalimbali. Panapoikamata karatasi kwa nguvu isiyo ya kawaida ndipo penye shida.

Baada ya hapo kifuate kitasa, ambacho kwenye barabara zetu za vumbi ndicho kinachoshukiwa zaidi. Mlango ukiwa wazi, usukume ulimi kwa bisibisi mpaka usikie milio miwili. Kisha, na hapa pasisahaulike, uvute mkono wa mlango ili ulimi urudi wazi kabla ya kufunga. Anayesahau atakuwa anagonga chuma kwa chuma: ulimi umekwisha kujifunga, tumbuu haina pa kuingilia, na mlango hurudi kwa kishindo. Hali hiyo huweza pia kujitokeza yenyewe, springi inapokatika au waya wa mkono unapokwama, na mwenye gari husimulia kwamba mlango wake "unaruka".

Ulimi ukizunguka kwa uzito, grisi ya zamani imechanganyika na vumbi ikawa kama udongo. Ioshwe kwa dawa ya kusafishia, ipanguswe, kisha ipakwe grisi mpya kidogo. Wapo wanaomwagia hapo oili chafu ya injini. Kwa siku mbili mlango hufunga vizuri ajabu. Baada ya hapo oili huwa imekusanya vumbi kuliko mwanzo, na nguo za abiria zimepata madoa.

Kasoro za bawaba hutambulika kwa mkono. Fungua mlango kidogo, ushike ncha yake, uinue juu na kuushusha. Ukicheza, pini za bawaba zimelika au bolti zimelegea, na ndiyo sababu dereva amezoea kuunyanyua mlango kabla ya kuufunga. Katika Probox za teksi, ambazo milango yake hufunguliwa mara nyingi mno kwa siku, hili halina budi kutokea siku moja. Tumbuu nayo hutoa ushahidi: ikiwa imekwaruzwa upande wa juu au wa chini, mlango hauingii tena katikati.

Hapa ndipo mafundi wasio na subira huharibu. Wakiona tumbuu imekwaruzwa, huigonga kwa nyundo ifuate mlango ulioshuka. Mlango utafunga, lakini bawaba zimeachwa zikiendelea kulika. Utaratibu ulio sahihi ni kuzitengeneza bawaba kwanza. Tumbuu isogezwe baadaye ikihitajika: ichorewe mstari wa kalamu pembeni ili mahali pake pa awali pajulikane, skrubu zilegezwe kidogo, isogezwe milimita moja, ikazwe, ijaribiwe. Milimita moja hapo ni nyingi.

Sababu ya mwisho ndiyo nzito, nayo inamhusu hasa anayenunua gari bandarini au mpakani. Simama hatua chache kando ya gari utazame nafasi iliyopo kati ya mlango na bodi. Kama ni nyembamba juu na pana chini, huku bawaba hazichezi, huenda gari liligongwa na nguzo haikurudi ilipokuwa. Kagua bolti za bawaba pia: rangi iliyobanduka kwenye vichwa vyake ina maana kwamba mlango umewahi kufunguliwa au kubadilishwa. Kisha uombe gurudumu moja linyanyuliwe kwa jeki. Mlango uliokuwa ukifunga ukianza kukataa wakati gari limenyanyuliwa, bodi imepoteza ugumu wake, pengine kwa kutu iliyofichwa chini ya rangi mpya. Gari la namna hiyo halitengenezwi kwa grisi, na bei yake haipaswi kuwa ile iliyoandikwa kwenye kioo.

Milango ya kuteleza ya Hiace ina habari yake. Hupita juu ya reli tatu kwa magurudumu madogo. Changarawe ikiingia katika reli ya chini, au gurudumu likilika, mlango hufika mwisho ukiwa umeinama na kitasa hakishiki. Kwetu Burundi kuna uzito wa ziada. Nchini Tanzania, kama huko Japani, magari hupita kushoto, na mlango huo upo upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara. Hapa, kama ilivyo Rwanda na Kongo, tunapita kulia. Hiace iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani huwafungulia abiria wake upande wa katikati ya barabara, yanakopita magari mengine. Kondakta anayeushikilia mlango usiofunga kwa mkono wake, huku amening'inia nje, amesimama mahali pabaya kuliko pote.

Gari lenye kasoro hii likilazimika kutembea kabla ya kufika gereji, kiti kilicho kando ya mlango huo kiachwe wazi, na watoto wakalishwe upande wa pili. Kuufunga mlango kwa ufunguo hakusaidii, kwa kuwa ufunguo huzuia mkono wa mlango tu, haumalizii kazi ambayo ulimi haukuikamilisha.