Ndege ya Rufiji Ambayo Haikuwako

Shikeni daftari, kalamu na rula. Leo tutajifunza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kupima. La pili ni kutenga jambo lililotukia na jambo tulilobuni. Yote mawili tutajifunza kwa kutengeneza ndege ndogo ya mti.

Kwanza tusikie habari zilizotukia.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Wajerumani walikuwa na manowari moja katika pwani hii, jina lake Königsberg, yenye urefu wa mita 115. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliishambulia na kuizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, huko Unguja. Kisha ikaingia katika delta ya Rufiji, ikajificha nyuma ya mikoko.

Waingereza walikuja wakafunga midomo ya mto. Lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupita katika maji machache, na mikoko iliwazuia wasione mbali. Mtu asiyeona hawezi kulenga. Basi wakatafuta jicho la juu, yaani ndege.

Ndege ya kwanza iliruka juu ya delta mwezi Novemba 1914. Rubani wake aliitwa Cutler. Baadaye zilikuja nyingine za kutua majini, lakini joto na unyevu wa pwani viliziharibu, maana ndege za siku hizo zilikuwa za mti, kitambaa na gundi. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia, na baadaye wakatengeneza huko kiwanja cha ndege. Mwezi Juni zikafika ndege nne za kutua nchi kavu: mbili aina ya Henri Farman, na mbili aina ya Caudron.

Tarehe 6 Julai 1915 meli mbili za Waingereza zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Zilipigana na Königsberg kutoka mbali, kiasi cha kilomita 9 au 10. Wajerumani walikuwa na watazamaji nchi kavu wenye simu, nao walilenga vizuri. Mersey ilipigwa, na zote mbili zikarudi baharini. Tarehe 11 Julai ziliingia tena. Mtazamaji aliyekuwa katika Farman alizipelekea habari kwa simu ya upepo kila kombora lilipoanguka: hili limepita, hili halikufika. Ndege hiyo ilipigwa ikaanguka mtoni, na watu wake wawili wakaokolewa. Lakini mizinga ilikuwa imekwisha pata shabaha. Königsberg ikawaka moto, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe.

Hayo ndiyo yaliyotukia. Sasa tubuni.

Tuseme hivi: mwezi Juni 1915 Caudron moja ya Mafia iliharibika injini ikiwa juu ya delta. Ikatua juu ya fungu la mchanga. Wajerumani wakaikamata. Mafundi wa manowari wakaondoa magurudumu, wakaweka mahali pake maboya mawili yaliyochongwa kama mitumbwi midogo. Ndege ikawa ya kutua majini, nayo ikawatazamia Wajerumani mahali makombora yao yanapoanguka.

Jambo hili halikutukia. Lakini anayebuni naye ana sheria yake. Sheria ni hii: geuza jambo moja tu, na mengine yote yaache kama yalivyokuwa. Ukigeuza kumi, umetunga hadithi ya majini, wala hutajifunza neno.

Basi tujiulize maswali matatu.

Je, Wajerumani wa hapa walijua ndege? Ndiyo. Mwaka 1914 ilikuwako ndege moja ya Kijerumani mjini Dar es Salaam, iliyoletwa na rubani Bruno Büchner. Kwa hiyo jambo letu si la ajabu.

Je, petroli ingetoka wapi? Bahari ilikuwa imefungwa. Ndege yetu ingetumia ile iliyobaki ndani ya tangi, na kidogo ambacho kingepatikana nchini. Ingeruka mara chache tu.

Je, ingegeuza nini? Labda tarehe 11 Julai Severn nayo ingepigwa, na Königsberg ingeishi majuma machache zaidi. Lakini isingetoka. Meli iliyotumwa kuiletea makaa, jina lake Rubens, ilishambuliwa mwezi Aprili 1915 katika ghuba ya Manza, upande wa Tanga, na makaa yake hayakufika Rufiji. Manowari isiyo na makaa haiendi mbali, hata ikiwa na macho kumi angani.

Mnaona faida ya kubuni kwa sheria? Tumebuni ndege, tukajifunza makaa. Tumefahamu kwamba jicho la juu lilileta ushindi wa siku moja, lakini kilichoifunga Königsberg ni bahari iliyofungwa na bohari tupu.

Haya, sasa kazi ya mikono. Kipimo chetu ni 1 kwa 20. Maana yake, kila sentimita 1 ya mfano ni sentimita 20 za ndege yenyewe. Caudron ilikuwa na upana wa mita 13 na sentimita 40 kutoka ncha ya bawa la juu hadi ncha ya pili. Hizo ni sentimita 1,340. Gawanya kwa 20. Unapata 67. Urefu wake ulikuwa mita 6 na sentimita 40, yaani sentimita 640. Gawanya kwa 20. Unapata 32.

1. Chonga kiwiliwili kwa mti wa msufi, maana ni laini na hukatika kwa kisu. Kiwiliwili cha Caudron ni kifupi. Injini iko mbele, na watu wawili hukaa nyuma yake. Piga msasa.

2. Tengeneza fremu mbili za mabawa kwa vijiti vya mwanzi. La juu liwe sentimita 67. La chini ni fupi kuliko la juu. Mwalimu na atafute picha ya ndege hiyo mpate kulipima. Funika fremu kwa karatasi nyembamba na gundi.

3. Unganisha mabawa kwa vijiti vya kusimama, kisha kaza kwa uzi wa kushonea uliovutwa mshazari. Ndege yenyewe ilikazwa kwa waya namna hiyo hiyo.

4. Mkia ushikwe na vijiti vinne virefu, viwili kila upande.

5. Chonga maboya mawili, kila moja sentimita 15. Katika ndege yetu ya kubuni hayo yangekuwa mita 3. Yafunge chini ya mabawa, kulia na kushoto, kama vile ngalawa inavyoshikwa na mbao zake za pembeni isipinduke.

6. Mwisho, chonga mtu wa sentimita 8 na nusu, na ngalawa ya sentimita 30, uviweke kando. Mtu huyo ana mita 1 na sentimita 70, na ngalawa hiyo ina mita 6. Kila mtu wa delta anajua ukubwa wa ngalawa. Ikiwa ndege yako si sawa, wavuvi watakuambia mara moja.

Lakini kazi haijaisha. Sikilizeni sana hapa. Jambo linaloonekana kwa macho huaminiwa kuliko linalosikiwa. Mkiiweka ndege hii darasani bila maneno, watoto wataiona, watakua, nao watawaambia watoto wao kwamba Wajerumani waliruka Rufiji kwa ndege yenye maboya. Uongo huo utakuwa umetoka mikononi mwenu, ninyi mnaojua kusoma.

Kwa hiyo tengenezeni vibao viwili. Kibao cha kwanza kiandikwe YALIYOTUKIA. Cha pili kiandikwe TULIYOBUNI. Kila jambo liwekwe chini ya kibao chake.

Katika kibao cha kwanza msiandike habari za meli na ndege peke yake. Mizinga 10 ya Königsberg ilitolewa mtoni baada ya meli kuzama, ikatumika katika vita ya nchi kavu. Mizinga haina miguu. Ilivutwa kwa nguvu za watu, kwa kamba, katika matope na misitu. Katika vita hiyo pande zote mbili zilitumia wapagazi Waafrika kwa maelfu mengi, na wengi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Hilo halikubuniwa, nalo lina haki ya kuandikwa kabla ya ndege yetu.

Maswali ya darasa:

1. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, mfano wake ungekuwa na urefu gani? Je, ungeingia katika darasa lenu?

2. Taja jambo moja tulilobuni na mambo mawili yaliyotukia.

3. Waulizeni wazee wa kijiji habari walizozisikia kwa baba zao juu ya vita hiyo. Ziandikeni, na kila habari muiandike pamoja na jina la aliyeisema.

Kwaherini, na tusikilizane katika somo lijalo.