Mkono Usiosikika Katika Santuri ya Dennis Brain

Novemba 1953, katika ukumbi wa Kingsway Hall jijini London, Dennis Brain alirekodi koncheto nne za pembe za Wolfgang Amadeus Mozart. Alikuwa na umri wa miaka 32. Okestra ilikuwa Philharmonia, na mwongozaji alikuwa Herbert von Karajan. Sauti ni ya mono, na vinanda vya nyuzi vinasikika kama vimebanwa kidogo, lakini santuri hii imetolewa upya mara nyingi mno, na hadi leo wapulizaji pembe huipima kazi yao kwayo. Wanastahili kuipenda. Ila ina jambo inalolificha, na kinacholificha ni ule ule ustadi tunaousifu.

Pembe ya enzi za Mozart ilikuwa bomba la shaba lililoviringwa, bila vali hata moja. Vali zilipewa hataza huko Prussia mwaka 1818, miaka 27 baada ya Mozart kufa. Bomba lisilo na vali halitoi kila noti utakayo. Hutoa noti chache tu, na zimepangika kama ngazi iliyoundwa na fundi mlevi: chini vidato vimeachana mno, juu vimesongamana hadi mguu hauoni pa kukanyaga. Tena baadhi ya vidato haviko mahali pake. Noti ya 11 katika mfuatano huo huangukia katikati ya noti mbili ambazo sikio limezizoea, isiwe hii wala ile.

Ufumbuzi ulipatikana Dresden, yapata mwaka 1750, na kwa kawaida husifiwa Anton Joseph Hampel. Mpulizaji huingiza mkono wa kulia katika kinywa kipana cha pembe. Akiziba nusu, sauti hushuka. Akibadili kiasi cha kuziba, anapata noti nyingine zilizokuwa hazipo. Lakini noti hizo zina gharama. Noti ya wazi hutoka nyangavu na pana. Iliyozibwa hutoka imefifia, na ukiipuliza kwa nguvu inakwaruza kama inatokea puani. Kwa hiyo wimbo mmoja unaopita katika noti nane unaweza kubadilika rangi mara nne. Wasikilizaji wa Vienna walikuja kusikiliza hilo pia, si wimbo peke yake.

Mkono ambao Mozart aliuandikia ulikuwa wa Joseph Leutgeb, mpulizaji wa Salzburg aliyehamia Vienna mwaka 1777. Alimjua Mozart tangu mtunzi huyo akiwa mtoto, na alimzidi miaka 23. Tofauti hiyo haikumpa heshima yoyote. Juu ya hati ya koncheto ya mwaka 1783, iliyo K. 417 katika orodha ya kazi za Mozart, mtunzi aliandika kwamba amemhurumia Leutgeb, akamwita punda, ng'ombe na mpumbavu. Ile ya mwaka 1786, K. 495, aliiandika kwa wino wa rangi mbalimbali, nyekundu, kijani, buluu na nyeusi. Matusi ya namna hiyo humwendea mtu unayemwamini. Huwezi kumpa mpulizaji dhaifu muziki mgumu kiasi kile kisha ukamtania juu yake.

Sikiliza K. 447, iliyo bora kuliko zote kwa maoni yangu. Mozart ameondoa oboe na pembe za okestra, akaweka klarineti na basuni, ili mpiga solo asiwe na ndugu wa kumfunika. Katikati ya sehemu ya kwanza muziki unahama mbali na ufunguo wake wa E-flati na kuingia D-flati, mahali ambapo noti nyingi zinazohitajika haziko wazi kwenye pembe ya E-flati. Leutgeb alilazimika kufanya kazi kwa mkono. Giza lile halikuwa bahati mbaya: mtunzi aliupeleka muziki gizani kwa makusudi, kwa sababu alijua sauti itakayotoka.

Kwa Brain giza hilo halipo. Alipuliza pembe ya vali ya kampuni ya Alexander, ya ufunguo wa B-flati, ambayo bomba lake lina kama mita 2.7, ilhali pembe ya E-flati huzidi mita 4. Kwenye bomba fupi, noti zilizo karibu na wimbo haziko msongamano ule, na hatari ya kuteleza inapungua. Juu ya hapo alikuwa na midomo na pumzi ambazo sijasikia mfano wake. Inasimuliwa kwamba katika kurekodi aliweka gazeti la magari mahali pa karatasi za muziki, maana muziki alikuwa nao kichwani. Magari aliyapenda kupindukia. Septemba 1, 1957, akirudi London kutoka Edinburgh usiku kucha, gari lake la Triumph liliparamia mti huko Hatfield, akafa papo hapo.

Kile alichokifanya kwenye D-flati ile ni kuimba. Kila noti ina uzito na rangi sawa na jirani yake, na mstari unakwenda bila kiungo kuonekana. Ni uzuri mkubwa, lakini ni uzuri wa karne ya 20. Anayetaka kusikia kilichokuwa masikioni mwa Mozart atafute rekodi ya Hermann Baumann, aliyezipuliza koncheto hizi miaka ya 1970 kwa pembe isiyo na vali, akiwa na Concentus Musicus ya Vienna chini ya Nikolaus Harnoncourt. Inakwaruza na kutetemeka, na pengine utachukia dakika tano za mwanzo. Vumilia hadi D-flati ya K. 447, kisha rudi kwa Brain. Mimi sasa huanza na Baumann.

Koncheto inayoitwa ya kwanza, K. 412, ndiyo ya mwisho. Ni ya mwaka 1791, Leutgeb akikaribia miaka 60, na muziki hauendi mbali juu wala chini kama zile nyingine. Rafiki anampunguzia mzee mzigo. Hapo pia Mozart alijaza kejeli za Kiitaliano juu ya mstari wa solo. Akafa kabla ya kumaliza. Sehemu ya mwisho, rondo, ilikamilishwa mwaka 1792 na mwanafunzi wake Franz Xaver Süssmayr, ambaye alichomeka humo wimbo wa kanisani wa Maombolezo ya Yeremia, kwa kuwa alikuwa akiandika wakati wa Ijumaa Kuu. Utafiti wa karatasi za hati uliofanywa na Alan Tyson ndio ulioweka wazi jambo hilo, miaka mingi baada ya Brain kufa. Kwa hiyo mwaka 1953 Brain alipuliza rondo ya Süssmayr akidhani ni ya Mozart, na alimpa Süssmayr uangalifu ule ule.