Uchakavu wa Kikodi na Fedha Inayobaki Baada ya Kuuza Chombo cha Biashara

Bei ya kuuzia chombo cha biashara na fedha anayobaki nayo muuzaji ni mambo mawili tofauti, na kinachoyatenganisha ni uchakavu wa kikodi, yaani sehemu ya gharama ya chombo ambayo sheria inaruhusu iondolewe kila mwaka katika mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Nchini Tanzania hesabu hiyo inaongozwa na Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambalo linagawa mali zinazochakaa katika madaraja, na kila daraja lina kiwango chake.

Daraja la 1, lenye asilimia 37.5, linajumuisha kompyuta, magari madogo, mabasi yenye viti visivyofika 30, malori yanayobeba chini ya tani 7 na mitambo ya ujenzi. Daraja la 2, lenye asilimia 25, lina mabasi makubwa, malori mazito, meli na ndege. Na Daraja la 3, lenye asilimia 12.5, lina samani na vifaa vya ofisi pamoja na mali isiyotajwa kwingine. Mali zote za mmiliki mmoja zilizo katika daraja moja kati ya haya matatu huunganishwa kuwa fungu moja, na kiwango hukokotolewa juu ya salio linalopungua, yaani thamani iliyobaki baada ya kuondoa uchakavu wa miaka iliyotangulia.

Mfano ni kampuni iliyonunua lori la tani 5 kwa shilingi 80,000,000, likiwa ndilo mali pekee katika fungu lake. Mwaka wa kwanza uchakavu ni shilingi 30,000,000 na thamani inayobaki ni 50,000,000. Mwaka wa pili uchakavu ni 18,750,000 na thamani inashuka hadi 31,250,000. Lori hilo likiuzwa mwaka wa tatu kwa shilingi 40,000,000, fungu linafungwa, na ziada ya 8,750,000 juu ya thamani iliyobaki inahesabiwa kuwa mapato ya biashara. Kwa kiwango cha asilimia 30 kinachotozwa kampuni, kodi yake ni 2,625,000, hivyo muuzaji anabaki na 37,375,000. Likiuzwa kwa 25,000,000, pengo la 6,250,000 linaondolewa katika mapato mengine ya kampuni na kupunguza kodi kwa 1,875,000, kwa hiyo fedha halisi inayobaki kutokana na mauzo ni 26,875,000, ilimradi kampuni ina mapato ya kutosha ya kukatwa kodi.

Hali hubadilika pale fungu linapokuwa na mali nyingine. Fungu lenye thamani ya shilingi 100,000,000 likipoteza lori lililouzwa kwa 40,000,000, hakuna kodi inayodaiwa papo hapo, bali bei hiyo hutolewa katika fungu, na asilimia 37.5 hukokotolewa juu ya 60,000,000 zilizosalia. Kodi inakuwa imeahirishwa, haijafutwa, kwa sababu uchakavu wa miaka ijayo umepungua.

Kosa linalowagharimu wengi ni kutumia vitabu vya kawaida vya hesabu badala ya hesabu ya kodi. Kampuni iliyogawa gharama ya lori hilo sawasawa kwa miaka mitano ingeonyesha thamani ya shilingi 48,000,000 mwishoni mwa mwaka wa pili, na mauzo ya 40,000,000 yangeonekana kuwa hasara ya 8,000,000, ilhali mbele ya sheria ya kodi mauzo hayohayo yameleta mapato ya 8,750,000 yanayotozwa kodi.

Kwa hiyo, kila mfanyabiashara anapaswa kutunza ankara za ununuzi, kuandika thamani ya kila fungu mwishoni mwa mwaka wa mapato, na kukokotoa kodi ya mauzo kabla ya kukubaliana bei na mnunuzi, kwa kuwa baada ya mkataba kutiwa saini kodi hiyo haiwezi tena kuingizwa katika bei.