Konokono Aliye Ndani ya Sikio
Konokono wa ziwani huko Mbamba Bay tunamwogopa kwa sababu ya kichocho. Lakini kila mmoja wetu ana “konokono” ndani kabisa ya sikio: mrija mdogo kama punje ya njegere, uliojiviringisha mara mbili na nusu hivi na kujaa majimaji. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, kama 15,000, zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Mirija mitatu iliyopinda, jirani yake, hutusaidia tusipepesuke.

Chembe hizo zikifa hazioti tena. Kelele kubwa za kila siku, kama za mashine za kukoboa kahawa, huweza kuziua. Hata sindano za streptomaisini na jentamaisini. Basi tusichomwe sindano ovyo. Tukiwa kwenye matibabu, masikio yakivuma au tukipata kizunguzungu, tumwambie muuguzi mara moja.